Moto wa Kuomba

Wiki iliyopita mwalimu wa binti yangu alituma ujumbe kwenye kundi la wazazi. Kila mtoto awashe jiko la makaa kwa mikono yake mwenyewe, apike chochote anachoweza, mzazi amrekodi na video itumwe Jumatatu. Mtoto asisaidiwe. Wazazi wenzangu wakaanza kulalamika, maana hapa Kilimani ni nani ana jiko la makaa kwenye ghorofa?  Niliusoma ule ujumbe nikiwa nimesimama jikoni, na sitakuficha rafiki yangu, niliogopa. Binti yangu hajawahi kuwasha kiberiti. Gesi yetu inajiwasha ukibonyeza kitufe, na hivyo ndivyo nilivyotaka iwe.

Nilipokuwa na umri kama wake tuliishi Kinoo, mimi na mama, chumba kimoja nyuma ya maduka ya kando ya barabara. Mama alipikia stovu ya mafuta taa iliyokaa juu ya kreti ya soda. Jioni moja mafuta yalikuwa na kasoro. Watu walisema baadaye kwamba yalikuwa yamechanganywa. Mama alipogusisha njiti, stovu haikuwaka kama siku zote. Ilivuta pumzi kwanza. Halafu moto ukaruka ukamshika mkono wa sweta. Nakumbuka harufu ya nailoni, nakumbuka jirani akiingia mbio na blanketi, na mimi nimeganda mlangoni nikiwa nimekumbatia sufuria ya maharagwe. 

Mama alipona, lakini mkono wa kulia uliharibika. Wakati akiuuguza, nilipelekwa Mutuini kwa shosho, yaani mama yake mama.

Ungeiona Mutuini ya wakati huo ungefikiri uko mbali sana na Nairobi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mahindi, ng'ombe walilia wakingoja kukamuliwa, na kila kitu kilinuka moshi: chai, blanketi, nywele, hata daftari zangu. Githeri ya shosho, mahindi na maharagwe, ilianza kuchemka jioni mapema ikaiva usiku. Viazi vitamu alivifukia kwenye jivu, ukivitoa unavirusha mkono hadi mkono huku ukipuliza vidole. Shosho mwenyewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikupenda kwa kukujazia sahani, na ukiacha chakula alikuuliza kama umekuja kumwaibisha.

Nyumba ile ilikuwa na kiberiti, ndiyo, lakini kilikaa juu ya kabati na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa. Moto kwetu uliombwa. Jioni shosho alinipa kigae cha chungu kilichovunjika, akanitandikia jivu ndani, na mimi nikaenda kwa jirani. Jirani alikuwa mama mmoja kutoka magharibi mwa Kenya aliyepanga nyumba ya mbao ng'ambo ya ua wetu. Alichemsha mahindi ya kuuza, kwa hivyo jiko lake lilizima mara chache sana.

"Umekuja moto, mami?" aliniuliza kila mara, kana kwamba kigae nilichoshika hakikutosha kusema. "Kuja uchukue."

Alichagua kaa moja jekundu, akalinyakua kwa vidole vyake vikavu na kulidondosha kwenye jivu kabla halijamchoma. Mimi nikalifunika na kurudi polepole. Shosho alikuwa na masharti: usikimbie, usipulize njiani, na usiseme asante, kwa sababu moto ukishukuriwa unazima. Siku ambayo jiko lake lilikuwa limezima na letu linawaka, jirani naye alikuja na kikopo chake, akachukua, akaondoka bila asante. Niliipenda sana kazi ile. Kaa la moto halikurukii. Linakaa pale pale ulipoliweka, na unaona mbele yako jinsi lilivyo.

Lakini kiberiti, hapana. Mtu akichomoa njiti nilitoka nje. Shosho aliliona hilo akaliweka moyoni, hadi Jumapili moja mama alipokuja kutuona baada ya kanisa. Mkono wake ulikuwa umejikunja, ngozi inang'aa, vidole viwili haviinuki. Nilimshika gauni nikamwambia nataka kurudi Kinoo. Mama akamtazama shosho.

"Mama yako hawezi kuwasha moto na huo mkono," shosho akaniambia. "Anangoja majirani watoke kazini ndio apate chai. Ukirudi kwake ni wewe utawasha, na pale Kinoo hakuna mtu wa kuomba kaa, kila mlango una stovu yake. Utaweza?"

Nikaliachia gauni la mama. Akapanda matatu na kuondoka peke yake. Nililia hadi chai yangu ikapoa.

Basi haukupita muda mrefu, mwalimu wetu wa sayansi kimu akatangaza mtihani wa vitendo. Kila mtu alete jiko lake na makaa, awashe na kuchemsha maji mbele yake. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu visivyotoa sauti. Walimu wengine walisahihisha ulichoandika. Yeye alisahihisha vidole vyako. Siku ya mtihani alitupanga nyuma ya madarasa, mstari mmoja, majiko mbele yetu, na kila mmoja akapewa kiberiti.

"Leo midomo ipumzike," akasema. "Mikono ndiyo itajibu."

Alipita akiwa amefunga mikono nyuma, akisimama nyuma ya kila mtoto. Aliporidhika aliinama akachora alama ya vema kwa chaki ubavuni mwa jiko. Wenzangu waliwasha karatasi, wakapuliza, wakakohoa, wakachekana kimyakimya. Mimi nilishika kiberiti kama nimeshikishwa nyoka.  Niliona sweta la mama. Nilisikia stovu ikivuta pumzi. Na nilijua, nakwambia nilijua kabisa, kwamba nisipowasha lile jiko nitakaa Mutuini na mama atangoja majirani maisha yake yote.

Nikafanya nilichozoea kufanya. Nilichukua kifuniko cha sufuria yangu, nikatia jivu kidogo, nikaenda kwa msichana wa pembeni ambaye jiko lake lilikuwa limeshika vizuri. Nilisogeza kifuniko, kama nilivyosogeza kigae kwa jirani, nikachukua kaa kwa vijiti viwili. Sikumwambia asante. Nilirudi polepole, nikaliweka kati ya makaa yangu, nikapepea. Likashika.

"Mwalimu, huyu ameiba moto!" yule msichana akasema.

Darasa zima likageuka. Kuiba mtihani kulikuwa na viboko, kila mtu alijua. Mwalimu akaja na viatu vyake vya kimya, akasimama nyuma yangu. Niliendelea kupepea.

"Nani amekufunza hivyo?"

"Ni hivyo tunawashanga kwa shosho," nikasema.

Akainama, akalitazama jiko langu muda mrefu. Makaa yalikuwa yamewaka sawasawa, mazuri kuliko ya wengi. Kisha akachora alama ya kosa ubavuni.

"Hujaiba. Moto ni moto," akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakusikia. "Lakini nilipima mkono, na mkono wako haujafanya kitu bado. Utakuwa unakuja mchana kuniwashia jiko la chai ya walimu."

Nilifika nyumbani na jiko lenye alama ile ya chaki. Shosho aliiona, akaifuta kwa kanga, akaniambia nile.

Mchana ule wa kwanza nilivunja njiti moja baada ya nyingine. Nilizikwaruza huku nimefumba macho na kugeuza uso. Mwalimu hakunishika mkono hata mara moja. Alikaa kwenye kigoda akimenya machungwa, na nilipomwambia naogopa, nikitokwa na machozi, aliniambia, "Ogopa tu. Lakini washa ukiogopa." Kisha akanionyesha: njiti unaisukuma iende mbali na wewe, haiji kwako, kichwa kinatazama juu kidogo, karatasi iko tayari karibu, usianze kuitafuta moto ukiwa mkononi. Siku iliyofuata tena. Na iliyofuata. Walimu walikunywa chai kwa kuchelewa sana muhula ule. Woga haukuisha, usije ukadanganywa. Ni mkono tu uliojifunza kuendelea na kazi huku mwili mwingine wote ukitetemeka. Siku aliponiambia nilete jiko langu akanichorea vema, nililibeba nimeligeuzia ubavu barabarani ili watu waone.

Nikarudi Kinoo. Jioni ya kwanza nilipanga makaa, nikachomoa njiti, nikamgeukia mama nimwonyeshe. Hakuwepo. Alikuwa amesimama nje, ukutani, ameupa mlango mgongo, mkono mbovu ameuficha kwapani. Aliingia makaa yaliposhika, akasema nimefanya vizuri. Ilikuwa hivyo kila jioni kwa miaka, na mimi, mtoto, nilidhani hapendi moshi.

Sasa Jumamosi iliyopita niliweka jiko jipya kwenye roshani. Binti yangu akapiga magoti, akachomoa njiti, na miguu yangu ikaanza yenyewe kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Mum, unaenda wapi? Unafaa kunirekodi."

"Niko hapa," nikasema, na nikabaki. Alivunja kadhaa. Nilimwambia asukume mbali na yeye, ingawa tulikatazwa kusaidia. Njiti ikawaka, karatasi ikashika, na akapika yai lake akicheka.

Nilipita Mutuini mwezi uliopita. Pale kwa shosho kumesimama nyumba za kupangisha, kila mlango na mtungi wake wa gesi. Shosho hayupo, jirani alihama, sijui hata alikwenda upande gani. Ukibisha leo mlango wa mtu na kigae mkononi, ataita mlinzi. Mama naye tulimzika, na sikuwahi kumuuliza alikuwa akiwaza nini pale ukutani.

Jumatatu jioni mwalimu wa binti yangu alinijibu. Mtoto amefikia matarajio, aliandika, mikono yake iko imara. Kisha akaongeza: "Tafadhali mzazi, wakati mwingine ushike simu vizuri. Picha inatetemeka kuanzia mwanzo hadi mwisho."