Blanketi la Njia ya Chunya

Isakwisa, mkulima wa kahawa wa Tukuyu, alizaliwa mahali ambapo mvua haina adabu. Huingia bila hodi mwezi wowote inaotaka. Huko mtu akishikwa na kiu huinama tu, kijito kipo. Ndiyo maana mwaka 1953, aliposimama mbele ya meza ya Mrisho katika soko la Mbeya, hakuwa na wasiwasi wa maji hata chembe.

Alikuwa anakwenda Chunya kumchukua kaka yake, Sedekia, aliyeharibika kifua kwenye machimbo ya dhahabu. Habari zilisema anakohoa damu. Isakwisa alitaka kumfikisha kwa mama yao akiwa hai, basi, hakuomba kingine.

Mrisho aliuza masalio ya jeshi: maturubai, viatu vilivyokwisha soli, mablanketi, chupa za bati za maji. Isakwisa alipapasa blanketi moja zito la kijivu, akalivuta pembe mbili kupima nyuzi. Akachukua na kipande cha turubai, kikuukuu lakini chepesi kubeba. Hapo alichagua vizuri, tumpe haki yake.

"Chukua na chupa, mdogo wangu," Mrisho alimwambia. "Naiuza rahisi. Kule chini kukavu."

"Mzee, ninunue chombo cha maji na mito ipo?" Isakwisa alicheka kwa heshima. "Mgonjwa anauawa na baridi."

Wakati wa kwenda alipata lori la tumbaku. Akiwa juu ya magunia aliona madaraja yakipita, akaridhika, maana kwao penye daraja pana mto. Ilikuwa Oktoba, na chini ya madaraja yale palikuwa na mchanga mtupu. Vumbi la lori halikumwachia nafasi ya kuuona.

Kurudi, hakuna dereva aliyekubali kumpakia mtu anayetema damu. Wakatembea, Sedekia akiegemea bega la mdogo wake, usiku wakilala chini ya turubai. Walipofika daraja la kwanza hawakukuta maji. La pili, vilevile. Sedekia akaketi, midomo imepasuka.

"Mimi naishia hapa," alisema taratibu. "Nipe maji tu."

Isakwisa alimtengenezea kivuli kwa turubai, akakimbia kuufuata ule mchanga. Mbali sana alikuta shimo lililochimbwa na wachunga ng'ombe, na maji ya matope chini yake. Akainama, akanywa. Alipoinuka ndipo akili ilipomjia kwamba hana cha kuyabebea. Alijichukia pale, nusura alie. Lakini blanketi alikuwa nalo mgongoni. Akalitumbukiza lote, akarudi mbio likimchuruzika, akalikamua kinywani mwa kaka yake. Sedekia akameza, akameza tena, akafumbua macho.

Toka hapo hakuthubutu kulianika. Lile blanketi ndilo lililokuwa maji yao, kwa hiyo alilikunja likiwa limelowa, akalifunga ndani ya turubai, na kila kaka yake alipoomba, akalikamua kidogo.

Alimbeba mgongoni kupanda mlima wa Kawetire. Huko juu ukungu uliwashukia pamoja na upepo mkali, na blanketi lilikuwa bado limelowa. Isakwisa alivua shati lake akamvika, akamkumbatia, akajifunika naye turubai. Sedekia alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka. Mji wa Mbeya ulikuwa unaonekana kule chini.

Dereva mmoja, katika wale wale waliomkataa mgonjwa, alikubali kuchukua maiti.

Nyumbani ndugu walileta nguo za kumzikia, kama ilivyo desturi, na wanawake wakawa wanazikunja. Mama yao alilichukua lile blanketi, sasa limekauka, akaupapasa unene wake.

"Ulichagua vizuri, mwanangu," alisema. "Angalau hakusikia baridi."

Isakwisa alifungua kinywa. Mama alikuwa bado anamtazama.

"Ndiyo, mama," akajibu, akaenda kusaidia kuchimba kaburi.