Kaka yangu alijua gari langu halina breki

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, Mwislamu wa Bwera, nina mke na binti mmoja. Jina langu lisitoke tafadhali, Kasese hapa tunajuana wote.

Ni dereva wa magari ya milimani. Wageni wanakuja kutoka Kampala na kwingineko tunawatembeza kwa msafara: asubuhi Kilembe kuona nyumba za zamani za wachimba shaba na mitambo iliyoshika kutu, halafu tunapanda vilima vya Kyarumba kwa barabara za mawe na kuteremkia upande wa Bwera. Kiongozi ni kaka yangu, nitamwita Juma, na fundi ni yeye huyo huyo. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, Juma akawa baba yangu. Alinifundisha kuendesha kwenye barabara za vumbi za Karusandara, mkono wake juu ya wangu kwenye gia. Kwa hiyo akisema kitu, mimi nilikuwa siulizi mara mbili.

Mwezi uliopita breki zangu zilichoka kabisa. Nilisafiri mwenyewe kuleta pedi mpya, nikazipakata kwenye basi kama mayai, nikampa azifunge. Asubuhi ya safari nikamuuliza, "Kaka, breki umefunga?"

Akacheka. "Mutoto wa mama, panda twende. Gari iko sawa kabisa."

Nikampakia mke wangu Zaituni, aliyekuwa anawapikia wageni, na mama mmoja wa Kampala akakaa mbele pamoja nami. Kilembe breki zililia kidogo, nikajua ni upya wake. Kwenye mteremko mkali wa mwisho nikakanyaga, mguu ukazama mpaka chini. Nikashusha gia, gari likanguruma lakini halikusimama. Kushoto bonde, kulia ukuta wa udongo. Nikasema Bismillahi, nikaligongesha kulia, kwenye ukuta. Likalala ubavu. Mimi na yule mama tulitoka na michubuko tu, lakini Zaituni alivunjika mkono wa kulia mara mbili. Yeye ni fundi cherehani. Mkono huo ndio kazi yake.

Juma alikuja mbio. Kabla hajauliza nani kaumia, aliwageukia wageni akasema, "Poleni sana jamani. Mdogo wangu alisinzia."

Nilimtazama, akatazama chini. Nikanyamaza, nikidhani ni hofu tu, tukifika nyumbani atasahihisha. Hakusahihisha. Aliandika hivyo hivyo kwenye grupu ya madereva, na sasa hakuna anayenipa gari.

Siku ya tatu nilijilaza chini ya gari lake nikakagua breki. Pedi zangu zilikuwa pale, na alama niliyoikwaruza kwa msumari siku niliyozinunua. Nikamuuliza kwa nini.

"Gari yangu nayo breki zilikuwa zimeisha, na ndiyo ilibeba wageni wakubwa, na siku ya safari ilikuwa imefika. Ningekuambia ungekataa, safari ingekufa."

"Na mke wangu kaka?"

"Wewe unaendesha vizuri kuliko mimi. Nilijua utaimudu."

Ndugu zangu, maneno hayo yananiuma kuliko ajali yenyewe. Aliniweka kwenye lile gari akijua, kisha akanivua jina langu mbele za watu.

Mama analia. Ananiambia, "Amekulea. Ukimsema, mimi nitaenda na uso gani msikitini?" Zaituni, mkono ukiwa kwenye plasta, ameniambia kwa utulivu kwamba nikiendelea kunyamaza anarudi kwao Kitswamba na mtoto. Na Jumamosi hii Juma anapeleka msafara mwingine mteremko ule ule. Magari manne, na safari hii kuna familia zenye watoto. Nani amekagua breki zao? Ni yeye.

Jana yule mama wa Kampala amenitumia ujumbe: "Nilikuwa nimekaa karibu nawe. Macho yako yalikuwa wazi muda wote, na niliona unavyokanyaga. Kwa nini ulikubali waseme ulilala?"

Nimeandika jibu mara tatu, nimefuta mara tatu. Nikimwambia ukweli, nimemzika aliyenilea. Nikinyamaza, Jumamosi inafika. Ninyi mngekuwa mimi, mngemjibu nini huyu mama?