Tumbo la Banza Juu ya Meza

Maman Victorine Kyungu alikuwa na kazi ambayo ndugu wa mumewe hawakuielewa hata alipoieleza mara kumi. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya Brussels, na ujuzi wake ulikuwa kumlaza mgonjwa kabla daktari hajamfungua kichwa.

"Donc ulisoma miaka yote ile juu ya kulalisha batu?" wifi yake Mignonne alimuuliza.

"Jaribu weye kulala kifudifudi saa sita bila kutikisika," Victorine alijibu. "Jicho likigandamizwa, unaamka kipofu. Tumbo likibanwa, damu inapanda, kidonda cha kichwa kinavuja vibaya."

Ijumaa moja akaambiwa kuwa Jumatatu ataletwa mgonjwa wa kilo mia moja na arobaini, mwenye uvimbe upande wa kisogo. Victorine hakuwahi kumlaza mtu mkubwa hivyo kifudifudi. Lakini nyumbani kwao Evere alikuwa na mume wa kilo zilezile.

Jumamosi, mumewe Banza alipomaliza bukari yake, ule ugali wa kwao Lubumbashi, Victorine aliondoa sahani.

"Panda juu ya meza, chéri."

Banza akapanda, maana alishamzoea mkewe. Victorine akamwekea mito chini ya kifua na chini ya nyonga ili tumbo lining'inie katikati. Paji la uso likapumzika juu ya taulo lililokunjwa duara, macho yakawa huru. Mikono akaifunga kwa kitenge isianguke. Kisha akashuka kwenye stoo ya chini ya nyumba kutafuta mito mingine.

Banza, ambaye kila siku hukoroma mpaka majirani wanagonga ukuta, akalala kimya kabisa.

Mignonne aliingia kwa ufunguo wake. Alimkuta kaka yake mezani, amefungwa kitenge, hasemi. Akapiga yowe, akajitupa chini, akawapigia simu shangazi zao wa Lubumbashi. Victorine aliporudi na mito kwapani, wawili wao walikuwa wanalia ndani ya simu.

Banza akashtuka, lakini hakuweza kuinuka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Ni weye!" Mignonne alilia.

"Mimi? Tangu saa ngapi?"

Iliwachukua muda mrefu kuwatuliza shangazi, ambao mmoja wao alidai aisikie sauti ya marehemu mwenyewe. Mignonne, bado amekaa sakafuni, akachungulia chini ya kaka yake.

"Victorine, mbona tumbo yake inagusa meza?"

Kweli lilikuwa linagusa. Mito ilikuwa imedidimia kwa uzito. Victorine akamkumbatia wifi yake, wakaongeza mingine mpaka mkono ukapita chini ya tumbo bila kukwama.

Jumatatu hospitalini, watu sita walimgeuza mgonjwa kwa pamoja. Daktari Mathieu alikwisha kunawa. Victorine akapitisha mkono chini ya tumbo, ukakwama.

"Subirini," alisema.

"Maman Victorine, saa inakwenda!" daktari alisema.

"Bon, iende. Sisi tunabaki."

Wakaongeza mito. Mkono ukapita. Upasuaji ulichukua saa saba, na damu iliyotoka ilikuwa kidogo.

Kesho yake mgonjwa alihesabu vidole vya daktari bila kukosea, akachezesha vya kwake, kisha akalalamika kwamba kahawa imepoa. Victorine alikwenda kumletea nyingine, anacheka peke yake kwenye korido.