Fundi Anayemwagilia Ukuta Mvuani

Saa mbili asubuhi, mvua inanyesha katika mji wa bandari wa Prince Rupert kama ilivyonyesha jana na juzi, na Verna Haldane amesimama juu ya jukwaa la ujenzi akiumwagilia ukuta maji kwa mpira.

Dereva wa lori la samaki anapunguza mwendo na kushusha kioo. "Verna! Mvua yote hii haikutoshi?"

"Ya Mungu haina shabaha," anajibu bila kugeuka. "Hii yangu naielekeza ninapotaka."

Dereva anacheka, anapiga honi na kuteremka zake bandarini. Verna anausogeza mpira hadi kwenye kona ya juu, mahali paa dogo la baraza linapokutana na ukuta, kisha anayaacha maji yapige hapohapo.

Chini yake, mwenzake wa kazi, Dacio Pangilinan, amepiga magoti kwenye changarawe, macho kwenye ukingo wa chini wa ukuta. Ndani ya ukumbi, upande wa pili wa ukuta huohuo, mzee Torleif Haugan ameketi kwenye kiti cha plastiki, kiganja kimegusa mbao. Ameagizwa jambo moja tu: apige kelele akihisi unyevu.

Mlangoni amesimama Colleen Ridsdale, mwenyekiti wa kamati ya Ukumbi wa Wavuvi. Maji yakipenya ndani leo, kamati itapitisha pendekezo la kuubomoa ukumbi na kuuza kiwanja. Yasipopenya, ukumbi utabaki.

Kwa watu wa mtaa huu, ukumbi huo wa mbao ndiko kwenye harusi, ndiko kwenye mchezo wa bingo wa Alhamisi, na ndiko watu wanakokula supu ya samoni wakitoka makaburini. Hakuna mwingine karibu.

Verna ana miaka hamsini na minne. Ni Mtsimshiani, mmoja wa wenyeji asilia wa pwani hii, kutoka Metlakatla, ng'ambo ya bandari, na ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha kusindika samaki. Kazi za kiwandani zilipokwisha, binamu yake alimchukua wakabomoe kuta zilizooza.

"Sikufundishwa na mtu kujenga," anasema. "Nilifundishwa na kubomoa. Kila ukuta uliooza ukiufungua polepole, unakuonyesha maji yaliingilia wapi, yakapita wapi, yakakaa wapi. Ukiufungua kwa pupa, hukuti kitu ila takataka."

Katika mji unaonyeshewa zaidi ya siku mia mbili kwa mwaka, fundi wa kuta za nje hakosi kazi. Anachokosa ni siku ya kuifanya. Kuanzia Novemba hadi Machi, Verna huenda wiki nzima bila kupandisha ubao hata mmoja, na bega lake la kulia sasa halinyanyuki kupita sikio.

Anapoeleza kazi yake hutumia mfano wa koti la mvua. Koti likikubana, anasema, utalowa kwa jasho lako mwenyewe. Ndiyo maana nyuma ya mbao za nje huacha nafasi ya unene wa kidole, na nyuma ya nafasi hiyo hutandika karatasi ngumu isiyopitisha maji. Matone yanayopenya kwenye mbao huteremka na karatasi hiyo hadi chini, ambako kuna pengo, nayo hutoka.

"Watu wanadhani nimelipwa kuyazuia maji," anasema. "Maji yataingia tu, haya ya kwetu hayana adabu. Mimi nayatengenezea mlango wa kutokea."

Ukuta wa kusini-mashariki wa ukumbi, unaopigwa na dhoruba zote kubwa, aliujenga hivyo miaka sita iliyopita. Baadaye mzee Torleif, mvuvi mstaafu aliyekuwa mlinzi wa ukumbi kwa kujitolea, alilijaza silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, lile pengo la chini, kutoka kona hadi kona. Majira ya kuchipua mwaka huu rangi ilianza kuvimba malengelenge, na chumba cha makoti kikanuka uyoga.

Kwenye mkutano wa kamati wa mwezi Aprili, Verna mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kumtaja mwenye kosa.

"Mzee Torleif kauziba mdomo ukuta wangu," alisema. "Kauzamisha kwa maji yake mwenyewe."

Watu walicheka. Torleif alichukua kofia yake, akatoka. Hakuonekana tena ukumbini, hata kwenye kahawa ya Ijumaa ambayo, kwa kumbukumbu za Colleen, hakuwahi kuikosa ila alipokuwa baharini.

Verna alipewa kazi ya kuutengeneza ukuta, mwisho iwe kabla ya dhoruba za Oktoba. Mwezi Agosti, yeye na Dacio walitundika turubai kubwa kutoka kwenye paa hadi ardhini, kama ilivyo kawaida ya kazi yoyote ya nje mjini hapa, kisha wakaanza kung'oa mbao kutoka chini kwenda juu.

Palipokuwa na silikoni, walitarajia kukuta uozo mrefu kama mkanda. Hawakuukuta. Katikati ya ukuta mbao zilikuwa zimelowa, lakini bisibisi haikuzama. Ilizama kwenye kona ya kulia, laini kama inachoma kiazi kilichochemshwa, na uozo ule ulikuwa unapanda.

"Dada," Dacio alisema, "hii haikuanzia chini."

Waliufuata ubao kwa ubao mpaka kwenye paa la baraza. Pale juu, paa linapoishia ukutani, hutakiwa kuwa na kipande cha bati kilichokunjwa ili kuyatupa maji ya paa nje, kwenye mfereji. Bati lilikuwepo, lakini limelazwa bapa. Kwa miaka sita, maji ya paa yalikuwa yakimiminwa nyuma ya mbao.

Bati hilo alilipigilia Verna kwa mkono wake.

"Nilikaa juu ya ndoo," anakumbuka. "Silikoni ya mzee iliyazuia maji yasitoke, ni kweli. Lakini aliyeyafungulia yaingie ni mimi."

Dacio hafichi alichomshauri siku ile. "Nilimwambia, dada, hili bati nalikunja sasa hivi. Tukishafunga, nani atajua?"

"Nikamwambia, wewe utajua," Verna anadakia. "Na wewe ukinywa bia mbili, mji mzima utajua."

"Moja," Dacio anamsahihisha.

Jioni ileile Verna alimwendea Colleen na kumweleza. Nguzo ya kona nayo ilikuwa imeoza, kwa hiyo kazi ingekuwa kubwa kuliko walivyokubaliana. Kona hiyo, alisema, ataijenga upya bila malipo.

"Nilikasirika," Colleen anasema. "Nilimuuliza, sasa tumpe ukuta yuleyule aliyeuozesha? Akaniambia, fundi mgeni ataanza kutafuta kosa, mimi najua liliko. Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nililipeleka ombi lake kwenye kamati."

Kamati ilimkubalia kwa kura chache za ziada, na kwa sharti: kabla ya ukuta kufungwa upande wa ndani, umwagiwe maji mbele ya watu wote, ndani pakiwa wazi. Sharti lenyewe Verna ndiye aliyelipendekeza.

Kwa Torleif alikwenda kesho yake. Alisimama barazani akasema yote, kuanzia bati hadi maneno yake ya Aprili. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia," akafunga mlango taratibu.

Wiki tatu zilipita. Jumapili moja mchana upepo wa kusini-mashariki ulikuja mapema kuliko ulivyotazamiwa, na Verna akakimbilia ukumbini akijua turubai halitahimili. Nguzo mpya ya kona ilikuwa bado wazi. Ikilowa, kukauka kwake kungewafikisha Oktoba.

Mji huu una desturi ambayo hakuna anayekumbuka ilianza lini: turubai likilegea kwenye nyumba ya mtu, anayepita hulifunga, hata kama hawasalimiani. Verna alipofika, alimkuta Torleif amepiga magoti kwenye tope, anapitisha kamba yake ya kuvulia kwenye matundu ya turubai.

"Fundo lako la mtu wa nchi kavu," mzee alisema bila kumtazama.

"Limeshika wiki tatu, Mzee."

"Limeshikwa na bahati. Kamata hapa. Hapa, siyo hapo! Ulikuwa unafunga vipi samaki, wewe?"

"Kiwandani walikuja wamekufa, Mzee. Hawakuhitaji kufungwa."

Walifunga upande mzima, kisha wakajibanza ndani ya turubai kusubiri upepo upungue. Hapo ndipo Torleif alipomweleza kilichomfanya azibe lile pengo. Sala ya kumwombea mkewe, Solveig, ilifanyika katika ukumbi huo, siku ya upepo. Upepo uliingia chini ya mbao na ukuta ukapiga mluzi tangu wimbo wa kwanza hadi jeneza lilipotoka.

"Namuaga mke wangu, ukuta unanipigia mluzi," alisema. "Kesho yake nikaenda kununua silikoni."

"Mbona hukuniambia, Mzee? Ningekuja."

"Ulishatuambia ukuta wako hauna kasoro. Nikaona mwenye kasoro labda ni masikio yangu."

Verna anasema sentensi hiyo ilimfundisha kazi kuliko kuta zote alizowahi kubomoa. Alikuwa hajawahi kuurudia ukuta wake siku ya upepo na kuusikiliza. Pengo lilikuwa halilingani, pana huku, jembamba kule, na upepo ulikuwa unapuliza kama kwenye chupa. Alilisawazisha lote, akaweka chini yake utepe wa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Maji yanapita. Panya hapiti, na upepo unakatikakatika.

Sasa wavu huo ndio Dacio anaoukodolea macho. Juu, mpira bado unamimina kwenye kona. Waliokuja kutazama wamejikunyata chini ya kofia za makoti yao.

"Yanatoka!" Dacio anapaza sauti. "Hapa! Na hapa tena! Yanatoka safi!"

Colleen anageukia ndani. "Vipi huko, Mzee?"

"Nina njaa," Torleif anajibu.

"Ukuta, Mzee! Ukuta!"

"Ukuta mkavu. Aliyelowa ni mimi, mmenipitisha mvuani kunileta hapa."

Verna anashuka, anaingia, na kugusa kona kwa kipima unyevu mahali pengi, juu hadi chini, akirudia palepale alipokwisha kupima. Colleen anachungulia namba juu ya bega lake. Kisha anatoka nje na kuwaambia wenzake wa kamati kwamba pendekezo la kubomoa limekufa, na atakayetaka kulifufua aje na mpira wake.

Verna habaki kusherehekea. Ameketi ngazini na kikombe cha kahawa, anatazama nyumba zinazopanda mlima. Majirani wengi walimwiga Torleif, wakaziba mapengo ya kuta zao kwa silikoni kama alivyoziba la ukumbi, kwa sababu mzee akifanya jambo hapa watu hulichukua kuwa sahihi. Kuanzia Jumatatu anataka kupita nyumba kwa nyumba kuyafungua mapengo hayo kabla ya Novemba.

"Hawatanikubalia wote," anasema. "Wengine bado wanakumbuka bati langu."

Torleif, aliyekuja kutafuta kahawa yake, amemsikia. "Kisu utashika wewe," anamwambia. "Mlango nitagonga mimi. Nilipokosea walinisikiliza bila kuuliza. Safari hii wataniuliza, nami nitawajibu mpaka wachoke."

Verna anasogea ngazini kumpisha akae. Wanaanza kubishana waanze na nyumba ipi.