Mikato ya Mninga wa Ilambo

Siku hizi ukifika Ilambo, kwenye ukingo wa Malagarasi, unavuka bila kuulizwa jina. Zamani sauti ilikupokea kabla ya maji: "Nani ng'ambo? Watoka wapi, na umebeba nini?" Usipojibu, hukuvushwa. Ilikuwa sauti ya Sikuzani binti Abasi, na tangu ilipokoma kuna ukimya pale kivukoni ambao ngurumo ya pantoni haijauziba.

Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Ujiji hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi pwani, mpaka miguu ilipomkatalia. Ndipo akachonga mtumbwi, akabaki Ilambo. Alimwachia binti yake mtumbwi huo na habari za mninga mmoja uliosimama mbali na maji, hatua mia mbili hivi. Gome lake lilikuwa na mikato saba, kuanzia magotini hadi kifuani. Kila msafara uliozuiwa na mafuriko, kiongozi wake alikata gome pale maji yalipofika, ili wanaokuja nyuma wajue pa kupiga kambi.

Agosti ya mwaka 1936 akaja Mzungu wa serikali, watu wakimwita Bwana Barabara, kupima mahali pa pantoni na ghala la chumvi. Akachagua mchanga mweupe kando ya maji. Sikuzani akampeleka kwenye mninga, akamwonyesha mikato.

"Hii ngazi ya warina asali," Bwana Barabara akasema.

"Mrina asali gani, Bwana, anayepanda mpaka kifuani pake halafu akashuka?"

Watu wakaangua kicheko. Masolwa, mwanangwa aliyekiongoza kijiji, hakucheka. Alilitaka ghala upesi.

"Mama Shomari, wivu huo," akamwambia Sikuzani. " Pantoni ikija, mtumbwi wako ni kuni."

"Basi na iwe hivyo, mwanangwa. Masika yakiisha maji hayajagusa mkato wa chini, njoo uupasue mtumbwi wangu mwenyewe. Yakigusa, ghala na pantoni vihamie hapa, na kila anayevuka anijibu mimi kwanza."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele yao. Na shoka liwe na makali, baba yangu hakuchonga mti laini."

Bwana Barabara akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekubali mchezo wa watoto.

Sikuzani alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na mtumbwi ndio uliowalisha. Ghala likajengwa mchangani. Novemba mvua zikawa haba, Desemba hivyo hivyo. Masolwa akawa anapita mlangoni pake na shoka begani.

"Nalinoa tu, mama."

"Noa, baba. Utakatia miti ya ghala jipya."

Lakini kila asubuhi Sikuzani alikwenda kwenye mninga, akaweka kiganja juu ya mkato wa chini. Mkavu.

Machi, mto ulipanda siku sita mfululizo bila tone la mvua kuanguka Ilambo. Maji yalitoka mbali, juu huko. Siku ya saba mtumbwi wa Sikuzani ulikuwa mlangoni mwa ghala, na Masolwa, maji kiunoni, ndiye aliyempakilia magunia ya chumvi. Kumi yaliyeyuka. Mtu hakupotea hata mmoja. Walipofika kwenye mninga, maji yalikuwa yamepita mkato wa pili.

"Mwanangwa, lete lile shoka."

Akampa. Sikuzani akasimama ndani ya mtumbwi, akakata mkato wa nane pale maji yalipofika.

Pantoni ilihamia pale, na kwa miaka ishirini hakuvuka mtu asiyemjibu. Bwana Barabara aliporudi, alisimama ng'ambo akataja kwa sauti jina lake mwenyewe, atokako na alichobeba, na Ilambo nzima ikanyoosha shingo kumsikiliza.

Sikuzani alifariki mwaka 1958 nyumbani kwa binti yake katika kijiji cha Ntalikwa, karibu na Tabora. Kaburi lake liko huko, pembeni mwa shamba la karanga, mbali na mto wowote.