Vitambulisho Ndani ya Sanduku la Kaka

Kikundi chetu cha akina mama wa Tabora kilipopata mafunzo ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, mimi ndiye niliyekabidhiwa bango la kupita nalo vijijini, kwa kuwa Kinyamwezi nakimudu na sauti ninayo. Lilichorwa msichana mwenye mnyororo mikononi. Huku kwetu ilikopita misafara ya watumwa, mnyororo hauhitaji maelezo. Watu waliutazama, wakasikitika, wakarudi makwao wakiamini ni mambo ya kale.

Katika kijiji kimoja upande wa Sikonge, mwanamume wa makamo aliyekaa nyuma kabisa alinyoosha mkono.

"Mama, mimi sikufungwa mnyororo," alisema. "Alikuja mtu kwetu Kigoma, akasema kuna kazi ya tumbaku, kula na kulala juu ya tajiri. Tulipofika, tajiri akachukua simu na vitambulisho vyetu, eti visipotee porini. Nimekaa misimu miwili. Nikitaka kuondoka, naambiwa subiri tumbaku iuzwe. Nilipougua nililazwa ndani ya bani, humo humo tunamokaushia majani. Mwisho nilitoroka kwa miguu."

Watu waligeuka kumtazama. Mimi niliinamisha uso. Maneno hayo, "visipotee porini", nilikwisha kuyasikia kwa kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Kila mavuno nilikwenda kwenye shamba lake la tumbaku, nikawapikia vibarua ugali na kutaniana nao. Miaka yote hiyo sikujiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyekwenda kwao sikukuu, wala msibani.

Juma lililofuata nilikwenda kwa kaka. Tulipomaliza kula, nikamuuliza vitambulisho vya wale watu viko wapi.

"Vipo sandukuni. Nawatunzia."

"Wakivitaka leo, utawapa?"

Aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. "Mdogo wangu, nani amewafunga hawa? Si wanakula? Si wanalala?"

"Kaka, wape waende."

"Tumbaku ikishauzwa."

Nilirudi nyumbani. Siku ya tatu nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Alikwenda na polisi, wakawatoa wanaume watatu, na kaka akakamatwa. Jioni hiyo mama alinipigia simu.

"Umemuuza ndugu yako," alisema, akakata.

Mmoja wa wale watatu nilikaa naye kwangu Itetemia akisubiri kutoa maelezo yake. Alikuwa mtu mzima, ana mvi, lakini kila asubuhi alisimama mlangoni na kuniambia, "Mama, naomba ruhusa niende dukani." Nikamwambia haombi ruhusa hapa, aende tu. Kesho yake akaomba tena. Alikuwa amesahau namba ya mkewe. Tulihangaika siku nne, hadi tukampata jirani yao mmoja. Mke alipopewa simu hakuitikia salamu. Alilia tu, na mumewe akabaki ameishika simu sikioni, ananiangalia. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba walikwisha kumlilia kama marehemu, mke akakaa eda na kuimaliza.

"Sasa nitarudi vipi?" aliniuliza.

Nilimtafutia shati na viatu, afisa ustawi akashughulikia safari, nikamsindikiza stesheni. Alipofika alinipigia. Mke alikuwa amempokea, ila mtoto wa mwisho alimkimbia.

Kesi ya kaka bado inaendelea. Kila Jumapili nampelekea chakula mahabusu. Mara mbili za mwanzo alikirudisha. Mara ya tatu alikula chote, akanirudishia bakuli bila kuinua macho.

Mama naye nikimwamkia ananiitikia marahaba, basi. Mikutanoni siku hizi naanza na habari za kaka yangu. Wapo wanaoondoka kabla sijamaliza. Mwezi uliopita, kule Igalula, mwanamke mmoja alinifuata nje baada ya mkutano, akaniuliza kwa sauti ya chini kama akirudisha kitambulisho cha binti anayemfanyia kazi nyumbani, atafungwa. Nilimwambia twende tukakichukue kwanza. Tukaenda.