Injini Mpya ya Volvo ya Henning

Mkaguzi wa magari wa serikali mjini Arvika alithibitisha kwa maandishi kwamba Volvo ya Henning ya mwaka 1966, ingawa imetiwa injini ya kisasa, kisheria ni gari lile lile.

Henning aliitengeneza nyumbani kipupwe kizima, isije ikamzimikia tena akienda kumwona mkewe kwenye nyumba ya wazee. Gunvor alishaisahau sura ya mumewe, lakini kila aliposikia mngurumo wa Volvo alikimbilia dirishani.

“Bwana wee, sasa inanyata kama paka!” jirani yake Sixten alimtania. “Mkeo utamfumania!”

Jumapili Henning aliegesha chini ya dirisha, akaingia. Gunvor alimwamkia kwa adabu, akamwomba asikalie kile kiti, kwani mumewe yuko njiani.